Kikanyagio cha Bi Mkubwa

Jumatatu, 4 Agosti

Kimevunjika! Kile kikanyagio cha ndege kuukuu, kipande cha chuma kinachotokeza ubavuni ili mtu aweke mguu kabla ya kupanda bawani. Asubuhi rubani amekikanyaga, kikaanguka chini, naye akabaki ananing'inia mlangoni kama koti. Nilicheka. Tajiri mwenye ndege alikuwa nyuma yangu. Hakucheka.

Ametangaza kwamba Jumamosi mama yake mzazi atarushwa kwa ndege hii, ile ile aliyokuwa akiirusha marehemu mumewe. Bi Mkubwa ana magoti mabovu, wala hajaipanda tangu afiwe. Atakayemwingiza ndani salama ndiye mkuu mpya wa karakana. Nikanyoosha mkono. Shemeji naye akanyoosha! Kaka wa mke wangu, niliyemtafutia kazi hapa mimi mwenyewe, nikamfundisha hata kushika spana! Kweli asante ya punda ni mateke.

Nautaka ukuu huo kuliko chakula. Ukweni wananiita "yule wa dada", yaani mume wa dada yao tu, kama sina jina. Mtu mzima na ndevu zangu, wa dada!

Jumanne, 5 Agosti

Nimechomelea kikanyagio kipya. Si kile kidole cha kuku cha zamani. Hiki kipana, kinene, unaweza kusimama juu yake na jamaa zako. Na shemeji anatengeneza nini? Kigoda! Cha mbao! Amekigongomea na zulia juu. Nimemuuliza kama Bi Mkubwa anakuja kurushwa au kumenya viazi. Akanijibu taratibu kwamba magoti hayana cheo, shemeji. Huo utaratibu wake ndio unaonitia wazimu.

Jumatano, 6 Agosti

Nimekificha kigoda. Si wizi, ni tahadhari. Nimekileta nyumbani ndani ya gunia, nikamwambia mke wangu ni zawadi yake. Akakipanda kufikia rafu ya juu, akashuka, akapanda tena. Akasema maisha yake yote hajaona kigoda kilichotulia hivi, fundi wake nani? Nikasema ni mimi. Akakipindua. Chini yake shemeji ameandika lile jina lake la kujisifu, Baba Lao, kwa herufi kubwa.

Mke wangu akakinyanyua. Alikibeba mwenyewe mpaka kwa kaka yake, akarudi na uso umekunjamana. Nimekula chakula kilichopoa. Kikulacho ki nguoni mwako, na changu kinalala upande wa ukutani.

Alhamisi, 7 Agosti

Majaribio. Rubani akaweka mguu wa kushoto kwenye kikanyagio changu. Imara! Akaupeleka wa kulia kwenye bawa, na bawa la ndege hii ni kitambaa tu kilichotandazwa juu ya mbao. Chwaa! Mguu ukazama mpaka gotini. Nimegombezwa mimi! Kwani mguu ulikuwa wangu? Eti shemeji akasema huenda kikanyagio kimekaa mbele mno, ndiyo maana mguu wa pili haufiki kwenye ubao. Nani kamuuliza?

Nimekisogeza nyuma kwa uamuzi wangu mwenyewe, alipokwenda kula. Kutwa nzima tumeshona bawa na kulipaka gundi. Shemeji alinisaidia bila kuombwa. Mnafiki mkubwa.

Jumamosi, 9 Agosti

Sina hamu. Lakini niandike, ili ukweli uwepo mahali.

Bi Mkubwa alikuja na fimbo yake, mtandio mweupe, na picha ya marehemu mkononi. Injini ilishawashwa, maana hii mashine ikizimika kuiwasha tena ni kazi ya asubuhi nzima. Vizuizi vya magurudumu nilikuwa nimeshaviondoa, kwa sababu mimi ni mtu wa maandalizi. Kigoda cha shemeji kilikuwa pale pale. Nikakisukuma pembeni kwa mguu, kwa heshima. Nikamwambia Bi Mkubwa apite kwenye chuma, mama, mbao ni za jikoni.

Akaweka mguu mmoja. Akaweka wa pili. Akashika nguzo ya bawa, akasita. Nami, kwa nia njema kabisa, kwa sauti ya kushinda injini, nikampa moyo: kanyaga, mama, kanyaga!

Rubani akasikia "kanyaga". Akakanyaga!

Ndege hii haina hata pedali ya mafuta! Mafuta yake yanaongezwa kwa mkono! Sasa alikanyaga nini yule bwana? Ikaondoka na Bi Mkubwa amesimama nje, mtandio unapepea, mimi nakimbia nyuma nikipiga kelele simama, simama, na Bi Mkubwa akanijibu kwa hasira kwamba amesimama, anataka kukaa!

Ilisimama karibu na uzio. Hakuumia, ashukuriwe Mungu, ila mimi nilikaa kwenye nyasi. Na kikanyagio je? Hakikupinda hata kidogo! Kimebeba mwanamke mzima uwanja mzima! Kuna aliyekisifu? Hakuna! Shemeji alifika na kigoda. Bi Mkubwa akakikalia, akashusha pumzi, akanywa maji, kisha akakipanda na kuingia ndani mwenyewe bila kusukumwa. Wakaruka. Alipotua alikuwa analia na kutabasamu, amekumbatia ile picha.

Halafu akauliza nani katengeneza kigoda. Shemeji ndiye mkuu wa karakana.

Jumapili, 10 Agosti

Mkuu mpya amepita nyumbani. Mke wangu amempa kiti changu. Akaniambia kwa ule utaratibu wake kwamba nitabaki naye pale pale, ila abiria wakipanda nikae kimya. Kimya! Mimi!

Nimefikiri kwa haki bila kujipendelea. Chuma hakina kosa. Mimi sina kosa. Kosa ni la neno. Nani alimwagiza rubani aelewe vibaya? Basi, yaishe. Nimelifuta "kanyaga" kabisa kinywani mwangu. Kesho anapanda mke wa tajiri, na akishaweka miguu yote miwili juu ya chuma changu, nitampa moyo kwa neno lisiloweza kumchanganya rubani yeyote duniani: Twende!