Baruti ya Bosi Karanja

Jumatatu, 10 Machi
Naondoka Guangzhou! Yaani, karibu naondoka. Bosi Karanja wa Nairobi yuko mjini kununua mabegi na miwani ya walenga shabaha. Anafungua duka kwao, na kibali cha serikali anacho, cha kuuza vichwa vya risasi, maganda na baruti, kwa wanaklabu wa shabaha wanaojijazia risasi za bastola wenyewe. Anataka muuzaji. Tiketi juu yake! Nami nimefunga marobota ya tajiri wangu Mama Yustina pale soko la nguo la Shisanhang mpaka mgongo umepinda. Nikamwambia risasi nazijua tangu utotoni. Uongo mtupu. Mpakizi mwenzangu Aloyce naye kajipendekeza. Bahili yule! Hukata ubani wa kutafuna vipande viwili, kimoja cha kesho. Bosi atatujaribu Jumapili. Anachukua mmoja tu.

Jumatano, 12 Machi
Bosi katufundisha mgahawani kwa Dainess, mtaa wa Dengfeng. Kumbe ni elimu! Kuna vichwa vizito na vyepesi, kuna baruti ya kuwaka upesi na ya kuwaka taratibu, na si kila kichwa kinaendana na kila baruti. Kiasi kinasemwa na kitabu cha kiwanda, si na wewe. Muuzaji humwuliza mteja bastola yake ni ipi, kisha humwonyesha mwanachama mpya namna ya kupima. Nilishangilia kila sentensi. Nikauliza kama vichwa vinauzwa dazeni mchanganyiko, saizi zote. Aloyce alicheka hadi chai ikamtoka puani.

Ijumaa, 14 Machi
Mazoezi chumbani tunamolala na Aloyce. Korosho vichwa vizito, njegere vyepesi, pilipili manga baruti. Raha! Nilipotoka kuoga, Aloyce kala vichwa vizito vyote. Hujuma! Nikamnong'oneza Mama Yustina kwamba Aloyce anatamani sana kusindikiza mzigo bandarini Huangpu Jumapili. Mama kafurahi. Kasema basi twende wote wawili, alfajiri, na tusimletee uvivu.

Jumapili, 16 Machi
Tumerudi kutoka Huangpu hoi, lakini siku nikaiona yangu! Kwa Dainess, Bosi kajifanya mteja. Mezani mizani ndogo ya sonara, na chumvi badala ya baruti. Nikamwuliza bastola yake. Sawa. Nikachagua kichwa. Sawa! Nikafungua kitabu, nikapima, mizani ikatulia palepale panapotakiwa. Bosi akaanza kutabasamu. Tiketi nikaiona!

Furaha ikanizidi. Mteja mzuri haachwi aende hivihivi. Nikamtilia kijiko cha nyongeza, kama tunavyodai sisi Shisanhang.

Bosi akauliza ile ni nini. Nikamwambia ni zawadi ya duka, kesho arudi. Akasema kesho harudi mtu, bastola imeshampasukia usoni.

Akaitwa Aloyce. Kapima. Chembe zilipozidi, akazirudisha kwa ncha ya kisu, uso umemkunjamana kama anayeng'olewa jino. Bosi akampa mkono papo hapo. Dainess akapiga vigelegele. Msaliti! Ugali wangu wote nimekula kwake.

Jumatatu, 17 Machi
Aloyce anafunga sanduku, anaimba. Mimi nafunga marobota. Lakini sikilizeni! Mama Flavia wa Mwanza ana duka la dawa, naye anatafuta muuzaji. Usiku nimelitafakari kosa langu, nimelipata: kijiko kilikuwa kidogo, Bosi kaona namdharau. Kwa Mama Flavia sifanyi uchoyo. Kila mgonjwa ataondoka na dozi yake, na vidonge vya nyongeza konzi nzima!