Kitufe Kimoja kwa Idara Kumi na Nne

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, ambaye ametuma udhuru. Mheshimiwa Mwakilishi wa Mgeni Rasmi, ambaye yuko njiani. Waheshimiwa Wakuu wa Idara zote kumi na nne. Wajumbe wa Kamati ya Rangi, Kamati ya Kona, na Kamati ya Pamoja ya Rangi na Kona. Ndugu wananchi mliokuja kufuata huduma mkaelekezwa humu ukumbini. Na yeyote niliyemsahau, naomba ajitaje kimoyomoyo kwa kufuata cheo chake. (Makofi.)

Ndugu zangu, kabla sijateuliwa mimi, na nasema hivi bila kujisifu ingawa sifa zipo, kila idara ilikuwa na tovuti yake na kila tovuti ilikuwa na kitufe chake, huyu kaandika Tuma, yule Wasilisha, na wale jamaa wa elimu, mnajijua, mliandika Bonyeza Uone. (Kicheko. Mkuu wa elimu anaangalia viatu vyake.) Ndipo nikaasisi Mkakati Jumuishi wa Maktaba ya Komponenti, ambao kwa lugha nyepesi maana yake ni kwamba kitufe, kisanduku cha kujazia jina na orodha ya kuchagulia vinatengenezwa mara moja tu, vinawekwa mahali pamoja, kisha kila idara inachukua na kutumia, na siku ukirekebisha kimoja, umerekebisha vyote kumi na vinne. Siku wazo hili liliponijia nililia, na dereva wangu ni shahidi. (Makofi. Dereva anasimama, anapunga mkono.)

Hadi leo utekelezaji umefikia asilimia tisini na nane. Kamati ya Kona ilikaa miezi saba kuamua kona za kitufe ziwe za mviringo kiasi gani, ikafanya ziara ya mafunzo kuangalia kona za wenzetu, ikarudi na pendekezo kwamba kona ziwepo. (Vigelegele.) Na ili pasiwe na idara itakayorudi nyuma, Jumatatu niliagiza vitufe vyote vya zamani viondolewe kwenye tovuti, na vimeondolewa. (Dereva peke yake anapiga makofi.)

Naona mama mmoja amesimama. Mpeni kipaza sauti, sisi ni wasikivu.

("Mheshimiwa, fomu ya mwanangu ya kujiunga na sekondari nimeijaza yote. Mwisho ni leo saa kumi. Nikifika chini kabisa hakuna pa kubonyeza. Mtoto akose shule kwa sababu ya kona?")

Asante sana, mama, kwa mchango wako. Huo kitaalamu unaitwa mrejesho wa mtumiaji, na nitauwasilisha kwenye kamati, ambayo itaketi robo ijayo ya mwaka. Lakini usivunjike moyo, kitufe kipo, si hiki hapa nyuma yangu, kijani kibichi, upana mita mbili? (Makofi. Mama hakai. Anaelekea jukwaani.)

Kitufe kimoja! (Idara zote!) Tengeneza mara moja! (Tumia milele!)

Kwa kuhitimisha, nawashukuru wajumbe kwa vikao mia moja na kumi na viwili. Namshukuru fundi wetu wa programu, ambaye tangu siku ya kwanza anasubiri barua ya kumruhusu aanze kazi. Na zaidi ya wote namshukuru mchoraji wa mabango, kwani mpaka sasa ni yeye peke yake aliyewahi kukitengeneza kitufe hiki. (Mama amefika jukwaani. Saa ya ukutani inaonyesha saa kumi kasoro dakika tano. Anakibonyeza kitufe kwa kiganja, mara mbili.)

Taratibu, mama. Rangi haijakauka.