Baba Mkwe Halali Paa Moja na Mkamwana

Alhamisi asubuhi hapa Uyole baridi ilikuwa ile ya kuongea mikono ikiwa mfukoni. Zabron, muuza kahawa wetu, hajamaliza hata kumimina kikombe cha kwanza, Ombeni akafungua gazeti na kuanza kutusomea kama yuko redioni. Ombeni ni wakala wa kutuma pesa. Tunamwita Mtandao, kwa sababu kila kitu anasema kakiona mtandaoni, hata mvua ikimnyeshea mwenyewe.

"Sikilizeni, wazee! 'Tuliza Mwendo Lodge yafikisha matawi sita, Tunduma hadi Iringa. Vyumba vyote vinafanana, bei ni moja, elfu ishirini na tano na chai. Ukilala moja, umelala zote.'"

"Ukilala moja umelala zote, halafu unalipa zote?" Gunia akauliza.

Gunia jina lake Ngolo, Msukuma wa kule Usangu, analeta mchele hapa kila wiki. Akikaa benchi upande mmoja, upande wa pili sisi tunaning'inia.

"Elfu ishirini na tano!" Tanzamu akaguna. "Mimi nimelala Makambako kwa elfu tano, na shuka nikapewa."

"Ulipewa au ulilikuta?"

"Nililikuta. Na mwenye nalo nilimkuta, alikuwa anafunga mkanda."

Tanzamu ni Vitus, dereva mstaafu wa malori ya Tanzania na Zambia. Ukimsikiliza, hakuna kitanda kati ya Tunduma na Dar ambacho hakimjui kwa jina. Mimi wananiita Katibu, lakini hakuna kikao nilichowahi kuandika kikaisha bila matusi, kwa hiyo siku hizi nakariri tu.

Sasa cha ajabu, tawi la Uyole la hiyo Tuliza Mwendo liko ng'ambo ya barabara, tunatazamana nalo. Ukuta rangi ya chungwa, geti jeusi. Hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kuvuka akachungulia, lakini kuhusu magodoro yake tungeweza kutoa semina ya siku mbili.

"Vyumba vinafanana vipi?" Tanzamu akaendelea. "Mtu anajuaje yuko mji gani? Unaamka Mafinga unadhani uko Tunduma, unatoka nje unaomba kubadilisha kwacha za Zambia!"

"Mtandaoni wamepewa nyota nne," Mtandao akasema.

"Nyota nne kwa lipi? Bati limetoboka wanaziona?"

Tukacheka mpaka Zabron akamwaga kahawa. Hapo ndipo Asukile akasimama ghafla, akampokonya Mtandao gazeti.

"Iringa wana matawi mangapi?"

"Mawili. Moja Ipogolo, kule bondeni barabarani. Lingine mjini juu."

"Mawili! Mungu wangu, nimepona!" Akalibusu lile gazeti, upande wa matangazo ya vifo.

Asukile ni fundi wa kuchomelea mageti, tunamwita Cheche. Shida yake tunaijua wote, na wewe nikueleze. Baba yake, Mzee Andendekisye wa Tukuyu, ni Mnyakyusa wa enzi zile. Kwake baba mkwe na mkamwana hawaonani uso, wala hawalali chini ya paa moja. Ndiyo heshima yenyewe. Wengi wameshaacha, yeye kakataa. Akija kumtembelea mwanawe anakohoa tangu njia panda, na Goodness, mke wa Cheche, akisikia kikohozi anakimbilia nyuma ya jiko. Miaka mitatu sasa. Mzee kamjua mkamwana wake kwa mapishi tu.

Goodness kwao ni Idodi, huko Iringa. Mahari ilishatolewa, sasa imebaki kubariki ndoa kanisani kwao. Baba yake, Mzee Danieli, ni mzee wa kanisa, na alishasema: baba wa bwana harusi asipofika kwa miguu yake, hakuna ibada. Mara ya kwanza Cheche alichukua gesti moja Iringa, vyumba vinatazamana. Mzee kufika barazani akaona viatu vya kike, akageuka na kurudi Tukuyu. Mara ya pili Cheche, huyuhuyu mwenye akili zake, akachukua gesti ileile. Mzee akauliza kwa simu, akaambiwa, akakata.

Jumamosi hii ndiyo mara ya tatu.

"Goodness kaniambia jana," Cheche akasema, sauti imeshuka. "Ikishindikana tena, anakwenda kwao na begi lake na harudi. Na yule akisema, kasema. Jamani, mimi yule mwanamke nampenda. Akiondoka nitachomelea mlango nikiwa ndani."

Zabron akamjazia kikombe bila kudai hela.

"Si alale kwao Idodi?" Gunia akauliza.

"Ruhusa yake ya kazini inaanza kesho saa sita. Tukifika Iringa magari ya Idodi yameshaisha. Na baba naye hawezi kulala kwa wakwe. Sote tunalala Iringa, hakuna ujanja. Ila sasa matawi mawili! Baba Ipogolo, Goodness mjini. Mapaa mawili!"

"Subiri kwanza," Tanzamu akainua kidole. Kidole hicho kikiinuka, ujue jambo linakwenda kuharibika. "Mjini ni wapi? Ni mlimani. Ipogolo ni wapi? Ni bondeni. Kwa hiyo mkamwana atakuwa amelala juu ya kichwa cha baba mkwe."

"Ebwana eeh!" Mtandao akashika mdomo.

"Juu kilomita ngapi hapo?" Cheche akalia.

"Juu ni juu! Akitema mate yanashuka kwa nani?"

"Basi geuzeni," Gunia akasema. "Mzee apande mlimani, binti abaki bondeni. Ng'ombe tunawatenganisha hivyohivyo."

"Umesikia, Cheche? Wewe na ukoo wako mmeshaingizwa zizini."

Cheche hakujali. Alimwambia Mtandao apige namba iliyoko gazetini, sasa hivi, na aweke sauti kubwa. Dada wa mapokezi akapokea kwa sauti tamu mpaka Tanzamu akavua kofia.

"Karibu Tuliza Mwendo."

"Dada, tunataka chumba kimoja Ipogolo na kimoja mjini, kesho. Je, wageni wa huku na huku wanaweza kukutana?"

"Wanakutana bila wasiwasi, kaka! Jiko letu la Iringa ni moja tu, liko mjini. Asubuhi saa moja wageni wa Ipogolo tunawapandisha na basi letu dogo la Kosta, wanakunywa chai pamoja. Tuna meza moja ndefu, watu wanafahamiana, inapendeza sana."

Mtandao akakata simu. Cheche akakaa chini taratibu, pasipo na benchi.

"Usikate tamaa," nikamwambia, kwa sababu na mimi nina moyo. "Mzee anywe chai ameangalia ukuta."

"Ukuta wenyewe una vioo, nimeona picha," Mtandao akasema.

"Basi Goodness aende mezani na blanketi kichwani."

"Anywe chai vipi?"

"Kwa mrija."

"Ninyi mnahangaika bure," Gunia akasema. "Cheche, ile kofia yako ya kuchomelea, yenye kioo cheusi, si unayo? Mvike mzee. Kioo kile hata jua halionekani, sembuse mkamwana."

Hapo palikuwa hapakaliki tena. Mtandao alipiga magoti. Tanzamu alisimama akaigiza mzee mwenye kofia ya chuma akitafuta andazi mezani kwa kupapasa, akashika sikio la Zabron, akalichovya kwenye kikombe. Zabron akasema kesi anaipeleka serikali ya mtaa.

"Na kanisani je?" Gunia akauliza akifuta machozi. "Si wataonana?"

"Kanisani ana shela usoni," Cheche akasema. "Na lile paa si la mtu, la Mungu. Hilo baba alishalikubali zamani, tatizo ni chai na kulala."

"Chai asinywe!" nikatoa hukumu. "Abaki Ipogolo ale mihogo ya kuchemsha. Kesi imekwisha."

Kwa kweli kesi ilikuwa imekwisha. Uso wa Cheche ulianza kukunjuka. Lakini kidole cha Tanzamu kikainuka tena, Mungu amsamehe.

"Hivi hizo ni nyumba mbili au nyumba moja?"

"Mbili!" tukajibu wote.

"Mwenye nazo?"

"Mmoja."

"Jina?"

"Moja."

"Rangi, shuka, taa, hata sabuni?"

"Zinafanana."

"Na wenyewe wameandika nini hapo? Soma, Mtandao."

Mtandao akasoma kwa sauti ndogo. "'Ukilala moja, umelala zote.'"

"Sasa! Goodness akilala ya mjini, kalala zote. Ipogolo ni mojawapo ya zote. Na Ipogolo mzee yumo!"

Sijawahi kuona hoja ya kijinga ikasimama imara namna ile. Gunia alihesabu vidole, akarudia kuhesabu, akakubali. Mtandao akasema hata mtandaoni imeandikwa hivyohivyo. Cheche akainamia magoti, mabega yanatikisika, na safari hii hakuwa anacheka.

"Jioni akitoka kazini nitamsaidia kufunga begi," akasema. "Bora nimsindikize mwenyewe stendi."

Wakati huohuo geti jeusi la ng'ambo likafunguka. Akatoka mzee mwenye koti refu na fimbo, amevaa ndala nyeupe za lodge, taulo ya rangi ya chungwa shingoni. Akaangalia kulia, akaangalia kushoto, akavuka barabara. Alipofika katikati akakohoa.

Cheche aliruka kama kakanyaga nyaya. "Baba?"

Tukasimama wote. "Shikamoo, mzee!"

"Marahaba, wanangu. Ndaga fijo, asante, kaeni." Akakaa mahali pa Gunia, kwa hiyo benchi zima likawa lake. "Zabron, kahawa. Ile ya humo ndani ni nyepesi."

"Baba, humo ndani unafanya nini?"

"Nafanya mazoezi. Nimekuja jana jioni. Mkamwana alinipigia simu juzi."

"Goodness? Kakupigia wewe?"

"Aliniamkia. Nikageuka nikaangalia ukuta, nikaitikia. Simu haina uso, nikaona hapo hakuna kosa. Miaka mitatu, mwanangu, sijawahi kusikia sauti yake. Kumbe ana sauti nzuri hivyo! Nilikaa nikafurahi peke yangu." Akanywa kahawa, macho yamemlegea kidogo. "Akasema, 'Baba, hizi lodge zote zinafanana. Lala kwanza hii ya Uyole uzoee, ili ukifika Iringa usihangaike.' Sasa najua kila kitu. Swichi iko nyuma ya mlango. Maji ya moto ni bomba la kushoto. La kulia ni mapambo."

Tukamtazama Tanzamu. Tanzamu akatazama kofia yake.

"Lakini baba," Cheche akasema, "yeye Goodness kesho atalala wapi? Maana hata tukitumia matawi mawili, Tanzamu hapa anasema..."

"Halali lodge yoyote. Ameshaondoka na basi la saa kumi na mbili, wewe ukidhani kaenda kazini."

"Ameondoka!" Cheche akashika kichwa. "Na begi?"

"Ataondokaje bila begi?"

"Basi kaniacha! Jamani kaniacha!"

"Kakuacha kitu gani? Tulia. Alimwomba bosi wake ruhusa ianze leo, akapewa. Leo jioni yuko Idodi kwao, anapika na mama yake. Kasema kwako ameshindwa kusema, kila ukirudi nyumbani unazungumza juu ya mapaa mpaka unasinzia."

Tangu asubuhi watu wazima watano tumepanga mlima, bonde, blanketi na kofia ya chuma. Hakuna aliyewaza kwamba mtu anaweza kuomba ruhusa mapema.

"Kwa hiyo Jumamosi unakuja, baba?" Cheche akauliza. "Ndoa ipo?"

"Ndoa ipo. Suti yangu iko humo ndani, imening'inia kwenye msumari wa tatu. Na Iringa nao msumari ni wa tatu, nimeuliza."

Cheche akamkumbatia baba yake mpaka kahawa ikamwagikia koti. Akamkumbatia Gunia, mikono haikufika nyuma. Akamkumbatia na Tanzamu, ambaye hakustahili. Alikuwa analia na kucheka kwa pamoja, na mimi, sioni aibu kusema, pua ilinijaa.

"Sasa baba, mimi kesho Iringa nalala chumba gani?"

"Changu. Mkamwana kalipia kimoja. Kitanda nimekipima kwa fimbo, tunaenea. Ila kanionya niweke mto katikati. Anasema wewe ukishalala unapiga mateke, halafu unaita mama."

Gunia akaanguka kwa kicheko, peke yake, bila benchi. Mtandao alikuwa anaandika kwenye simu huku anapiga ukelele, na tulijua kabla ya mchana Mbeya nzima itakuwa nayo. Cheche akavuta kofia yake mpaka kwenye kidevu.

Mzee alimaliza kahawa yake bila haraka, akasimama, akamgusa mwanawe begani kwa fimbo.

"Haya, nyanyuka twende. Chumba nimelipia mpaka saa nne, bado tuna saa moja. Njoo ulale nikuone. Ukinipiga teke hata moja, Iringa unalala kwenye zulia."

Wakavuka barabara, mzee mbele na taulo yake, bwana harusi nyuma. Geti jeusi likafungwa.