Vidole vya Tausi

Jumatatu, 7 Julai

Miezi kumi na minne na siku tatu tangu nitoke kwetu Makueni. Leo mlango umefunguka! Mama Hannah, mwenye nyumba hii ya Galu, huku pwani, ninayofyeka majani yake, anahamia Kinangop kwa dada yake. Anahama na tausi wake, dume mmoja na majike watatu. Kinangop mwezi huu huanguka sakitu, umande unaoganda ukawa mweupe kama chumvi. Tausi akikesha kwenye baridi ile, vidole vyake huwa vyeusi, kisha hukatika. Kwa hiyo mfanyakazi mmoja atapanda lori pamoja na tausi hao, akae nao wiki mbili huko. Mmoja tu: mimi Musyoki au mwenzangu Tsofa. Atakayejua kulinda miguu ndiye atakayekwenda.

Lori linapita Emali. Kutoka Emali hadi kwangu ni nusu saa kwa bodaboda. Binti yangu Kavenya ana miezi kumi na mmoja na sijawahi kumshika.

Nikamwambia Mama baridi naijua tangu utotoni. Uongo. Kwetu hata mbuzi hutafuta kivuli saa mbili asubuhi. Tsofa, mtu wa Mwabungo, akasema baridi anayoijua yeye ni ya soda. Amekwisha!

Jumanne, 8 Julai

Soksi! Nimenunua jozi nne za mtoto kwenye mitumba ya Ukunda. Kumvisha dume peke yake kulichukua asubuhi nzima na ngozi ya mkono wangu. Akatembea kama bwana harusi aliyekanyaga tope. Kisha akaingia kwenye beseni la maji akasimama humo, makusudi. Wakati huohuo akatokea Abdulaziz, daktari wa mifugo. Akasema kitambaa kibichi kwenye baridi ndicho kinachoua kidole upesi zaidi, na akauliza ni mwerevu gani aliyefanya haya. Nikasema nilitaka kumwonyesha Tsofa mfano wa kosa. Tsofa akanishukuru kwa somo. Sikupenda alivyoshukuru.

Alhamisi, 10 Julai

Ndege asiyeijua baridi afundishwe! Nimenunua gunia la barafu kwa wauza samaki, nikalimwaga bandani saa sita mchana. Tausi wote wanne wakarukia juu ya makuti. Barafu ikaisha kabla sijamaliza andazi langu. Likabaki tope lenye harufu ya samaki changu, na paka wote wa Galu wakaja kutaka habari. Mama Hannah akapoteza kandambili moja humo. Akaniuliza kama nilikuja kwake kufuga ndege au samaki. Tsofa akanijibia: vituko.

Ijumaa, 11 Julai

Tsofa ametoka msikitini na ubao. Siku zote hizi nilidhani akikaa bandani anasinzia. Kumbe alikuwa akiwatazama! Akaeleza polepole, kama mwalimu wa chekechea. Kwenye fito nyembamba tausi hukunja vidole, ncha zikabaki nje zikipigwa na upepo. Mpe ubao bapa, upana wa kiganja, naye ataketi, na manyoya ya tumbo yatafunika vidole vyote. Chini nyasi kavu, upande wa upepo ukuta, basi. Daktari akampa mkono mara mbili. Mara mbili! Chakula cha jioni kilinishinda.

Jumamosi, 12 Julai

Nimeamka na mpango. Nikiung'oa ubao na kuusimamisha kwa ubavu, utakuwa mwembamba kama fito, na daktari akija atamwona Tsofa hajui kitu. Nilikuwa nimeubeba kwapani Mama alipoingia, Tsofa nyuma yake. Nikasema napima. Mama akaniuliza napima kwa kifaa gani, maana mkononi nilikuwa na nyundo tu. Kavenya nikamwona anaondoka hivihivi.

Tsofa akasema, Mama, niwie radhi, mimi ndiye niliyemwomba augeuze tuone kama una ufa. Uongo mtupu, na uso mkavu! Kisha akasema yeye Kinangop haendi, wala hakuwahi kutaka. Ana mama mzee na minazi ya kuangua. Aende Musyoki, Mama, mtoto wake anadhani baba ni simu.

Mama akaninyang'anya nyundo. Akakubali. Nikaenda nyuma ya tangi la maji nikanawa uso. Vumbi.

Jumapili, 13 Julai

Ninakwenda! Masharti ya Mama: ubao, nyasi kavu, soksi marufuku. Nimefikiri sana juu ya Tsofa. Ni wazi: aliona ujuzi wangu akaogopa kushindana. Masikini, amenipa hata nazi kumi za kumpelekea mke wangu Syovata, ili nisimwaibishe zaidi. Nimezipokea kwa upole.

Shida moja tu. Dereva, anaitwa Jacktone, amesema Emali hasimami hata dakika tano. Asisimame? Nimeshapanga. Tukikaribia nitamwambia, kwa sauti ya kidaktari, kwamba tausi wa pwani lazima apumzishwe siku tatu mahali pakavu kabla ya kupandishwa baridini, la sivyo vidole vitadondoka njiani na yeye dereva ndiye atakayeulizwa. Ataamini tu. Mtaalamu ni mimi.

Nimempigia Syovata. Nitafika Jumatano, tarehe kumi na sita, kabla ya chakula cha mchana. Abandike sufuria kubwa: wageni ni dereva mmoja na tausi wanne.