Viriba vya Mahindi

Jumatatu, 4 Novemba 2024. Iyula.

Siku kubwa! Nimetoka semina Mlowo. Mtaalamu wetu, dada Frida, katueleza kwamba plastiki si lazima itokane na mafuta ya petroli. Wanga wa mmea unatosha. Mahindi! Na ikimaliza kazi inaoza, inakuwa udongo. Nikasimama, nikapiga makofi peke yangu. Baada ya chai kulikuwa na sehemu ya pili, lakini mimi nilishaelewa. Nikaenda kutafuta nyama ya kitimoto.

Jumapili kikundi chetu cha kahawa kinachagua msimamizi wa kitalu. Miaka yote ni jirani yangu Zabron, anayeshona viriba vya miche kwa magome ya mgomba, kama babu yake. Mwaka huu atakutana na sayansi.

Jumanne, 5 Novemba.

Nimeloweka mahindi, nikasaga, nikachuja wanga, nikaupika na siki na gliserini. Gliserini ni ya mke wangu Tabita, ya kujipaka. Ana ngozi nzuri, ataelewa.

Hakuelewa. Kauliza pia kwa nini gunia la mahindi limelegea, nalo ndilo la kutufikisha msimu wa mahindi mabichi. Nikamwambia ni sadaka kwa mazingira. Kasema hayo mazingira yakija kula jioni, yaje na unga wake.

Alhamisi, 7 Novemba.

Vimekauka! Vinapitisha mwanga kama kioo. Nimejaza udongo, nikahamishia humo miche ya kahawa ya Tabita, ile aliyoilea tangu mbegu. Zabron kachungulia uani. Kashika, kanusa, kaniuliza, baba Ikupa, hii inaliwa na mboga gani?

Wivu!

Zabron kasema eti Frida baada ya chai alionya: plastiki ikitengenezwa kwa chakula, shamba moja litagombaniwa na sahani na mfuko. Bora magunzi na maganda ya kahawa, vitu visivyoliwa. Nikamjibu kwamba anayebaki kwenye semina mpaka mwisho ni yule ambaye hakuelewa mwanzo.

Jumapili, 10 Novemba.

Baada ya ibada nikavipanga nje ya kanisa. Vinang'aa! Waumini wakanizunguka. Mwenyekiti wetu, mama Ruti, kavisifu, halafu akataka kuona vikimwagiliwa maji. Nani alimtuma?

Vikavimba. Vikalegea. Harufu ya uji ikawafikia wanakwaya. Nikatangaza kwamba hiyo ni hatua ya pili ya sayansi. Hatua ya tatu ilikuwa nguruwe. Sijui alitokea wapi. Alikula kiriba kimoja, akafumba macho kwa utamu, akavimaliza vyote, miche akiitupa huku na huku. Mzee Samwel kasema kikundi hiki kinalima kahawa, hakijafungua hoteli.

Kwenye uchaguzi Zabron kapita tena.

Hata hivyo najivunia. Plastiki gani duniani imewahi kuliwa kwa hamu namna ile? Pale kanisani hakikubaki hata kipande cha kuchafua mazingira!

Tabita peke yake hakucheka. Kaokota miche michache iliyosalimika, kaipeleka kwa Zabron ihifadhiwe kwenye magome ya mgomba. Hilo limeniuma. Nilitaka aitwe mke wa msimamizi.

Jumanne, 12 Novemba.

Nimejirudi. Asubuhi nimemwahidi Tabita kwamba chakula sigusi tena. Takataka tu, kama alivyosema Frida. Kafurahi mpaka kanikaangia yai.

Alipokwenda shamba nikakusanya magunzi yote nyuma ya jiko. Nikayatwanga, nikayaloweka kwenye magadi. Pipa zima! Bado hayajageuka kitu, lakini rangi inatia moyo.

Tabita karudi, kaangalia nyuma ya jiko, kaniuliza sasa atapikia nini masika yote, maana hizo ndizo zilikuwa kuni zake. Nikamkumbusha kwamba gunzi si chakula. Kasema ni kweli, ila ndilo lililokuwa likikiivisha.

Basi leo tunapika kwa Zabron. Tabita katangulia na unga. Mimi nimechelewa kidogo, naandika, maana kupitia uani nimeona jambo kubwa. Kule kwa Zabron kuna rundo la magome ya mgomba, makavu, mazuri. Hayaliwi. Hayapikiwi.

Sidhani kama yana mwenyewe.