Shaba Yangu na Wifi ya Mwalimu Clément

Jumatatu, 9 Septemba

Wifi imekufa tena. Tena! Mara ya nne tangu asubuhi. Nimeizima modemu, nimeiwasha, nimeipulizia vumbi, nimeipiga kofi. Nimeitukana kwa Kibemba, kwa Kiswahili na kwa Kifaransa cha kazini. Taa zote za kijani. Zinanicheka! Simu ya Germaine, mke wangu, haioni kitu jikoni, haioni kitu barazani.

Na siku ya kutoa jina ni Jumapili hii, saa tisa mchana. Binti yetu Mapalo amejifungua huko Lyon. Mtoto wa kiume, mjukuu wa kwanza. Wakwe wametuachia sisi kutoa jina. Kwetu jina halitumwi kwa ujumbe. Babu analitamka kwa mdomo wake, mtoto akiwa macho, watu wakisikia. Sasa babu yuko hapa mtaani Hewa Bora na mtoto yuko Ulaya, kwa hiyo mdomo wangu lazima upite kwenye wifi. Nitasema "Kapya". Jina langu. Miaka ishirini na sita nimeyeyusha shaba ya Kampani, na kilichobaki ni mgongo mbovu na hilo jina. Lazima mtu alibebe.

Megabaiti za simu haziwezi kutusaidia. Zinakwisha kwenye salamu. Dada zake Germaine hawajui kusalimia kwa ufupi.

Jumanne, 10 Septemba

Germaine ameanza tena habari ya bamba. "Baba Mapalo, utoe kwanza ile plaque." Sitoi!

Bamba ni la shaba tupu, limefuliwa kwa nyundo, kubwa kama meza ya watu wanne. Lina picha ya tanuru na jina langu chini. Kampani ilinipa nilipostaafu, watu wakanipigia makofi. Linaning'inia sebuleni, na modemu nimeiweka nyuma yake, kwenye kirafu, wezi wasiione. Mahali pa heshima. Na pa akili pia. Umeme unapita wapi? Kwenye shaba. Simu ya zamani ya ofisini ilipita wapi? Kwenye shaba. Mji huu mzima umejengwa na nini? Halafu mke wangu, muuza mikate, anifundishe shaba!

Najua mwizi ni nani. Ni Mwalimu Clément, jirani wa upande wa kulia. Alimfundisha Mapalo kusoma, tangu hapo anadhani nyumba yangu ni darasa lake. Wifi yake haikatiki kamwe. Kamwe! Leo amekaa chini ya dirisha lake anatazama mpira kwenye simu, picha haitetemeki hata kidogo. Wifi ya mtu mmoja haiwezi kuwa nzuri hivyo. Anavuta na yangu.

Jumatano, 11 Septemba

Mbinu ya kwanza. Nimechukua waya wa shaba na kuuzungusha kwenye modemu, mizunguko ishirini na sita, mmoja kwa kila mwaka wa kazi. Kazi safi. Jeannot, mwenzangu wa zamani wa tanuruni, amekuja kuitazama, akavua kofia.

Matokeo: hata pale sebuleni, hatua mbili tu kutoka kwenye modemu, simu haioni tena kitu. Clément amevuta kwa nguvu zaidi! Amegundua kwamba najitetea.

Saa nne umeme ulikatika mtaa mzima. Nilifurahi. Angalau sasa mimi na yeye tulikuwa sawa. Nikachungulia ukutani. Alikuwa anatazama mpira. Kumbe ana betri ya sola. Sikula mchana.

Alhamisi, 12 Septemba

Germaine ameita fundi bila kuniuliza. Amekuja mwanamke, Christiane, kwa pikipiki, kutoka duka moja la katikati ya mji. Bisibisi yake ni ndogo kama njiti ya kibiriti. Ameondoa bamba. Ameondoa waya wangu, mizunguko yote ishirini na sita, bila hata kuihesabu. Ameweka modemu wazi juu ya kabati. Wifi ikaja mpaka chooni.

Akasema, "Papa, cuivre njo inafunga réseau. Muache modem hapa, wazi." Eti shaba inazuia mtandao! Nikamwuliza ameyeyusha tani ngapi za shaba maishani mwake. Akajibu kwamba hajayeyusha hata kilo. Basi! Nikamsindikiza mlangoni kwa adabu.

Alipoondoka nikalirudisha bamba, nikalisugua kwa limau na majivu mpaka likawaka. Modemu nyuma yake. Wifi ikafa papo hapo. Nimeelewa: yule mama ameondoka na kitu ndani ya mkoba wake. Germaine amesema nimechanganyikiwa. Ameenda kulala chumba cha Mapalo.

Ijumaa, 13 Septemba

Mbinu ya pili. Nimesimamisha manjanja, mabati manne ya zamani, kando ya ukuta wa Clément. Sasa avute tuone!

Amekuja kuuliza kwa upole kama ninajenga banda la kuku. Nikasema ndiyo. Halafu, mnafiki huyu, akanikaribisha kwake Jumapili. "Mukuye kwangu dimanche, Papa Kapya. Réseau iko bien, na biti biko." Ameandika neno la siri la wifi yake kwenye karatasi, akampa Germaine mbele ya macho yangu.

Eti ana mtandao mzuri, na viti vipo! Mjukuu wangu apewe jina kwenye sebule ya mtu mwingine? Mbele ya picha za watu wengine? Nikamwambia mwenye kwake haombi kiti. Germaine ameikunja ile karatasi, ameifunga kwenye pindo la kitenge chake. Nimemwona.

Jumamosi, 14 Septemba

Mbinu ya tatu, na hii ni ya kitaalamu. Jeannot amenikopesha bamba lake. Lake lina tembo. Sasa modemu iko katikati: tanuru mbele, tembo nyuma. Waya nimeurudisha. Nguvu ikitoka huku, inarudishwa na kule, inajilimbikiza.

Tumejaribu na Mapalo. Tumeuona uso wake, umeganda, mdomo wazi, halafu giza. Germaine amelia. Amesema hajamwona mtoto wake kwa miaka mitatu na mimi ninacheza na masufuria. Iliniuma. Nimemwambia kesho ataona. Nguvu inahitaji usiku mmoja ijae.

Jumapili, 15 Septemba

Nimevaa suti. Dada zake Germaine wamejaa sebuleni, vitenge vipya, bukari, ugali wetu, na samaki mezani. Saa tisa kamili, Mapalo akatokea, mtoto kifuani. Macho wazi! Anafanana na mimi kichwa kizima. Nikasimama, nikasafisha koo. Nikafungua mdomo.

Giza.

Nikatoka mbio. Ngazi! Nikapanda juu ya nyumba na rola nzima ya waya, niufunge kwenye bati la paa, nyumba yote iwe antena. Suti imechanika gotini. Nikiwa juu nikawaona: Germaine mbele, simu mkononi, dada zake wote nyuma, wanaingia kwa Clément. Wote! Wamebeba na samaki.

Dakika mbili baadaye kichwa cha Clément kikatokea juu ya manjanja yangu. Amesimama juu ya kiti, ananyoosha simu kuelekea kwangu, anapiga kelele: "Papa Kapya, mushuke! Mutoto iko macho, bote banangoya!"

Niliona jambo moja tu: anakuja kuvuta mpaka paani kwangu. Nikamjibu kwa sauti ya tanuruni, ile inayosikika juu ya mashine. Nikamwita mwizi. Nikamwita mchawi wa wifi. Nikamwambia aondoe sura yake mbele yangu, yeye na simu yake.

Haikuwa simu yake. Ilikuwa ya Germaine. Na wifi ya Clément inafika mpaka ukutani bila kukatika, bila kutetemeka. Lyon nzima ilinisikia. Wakwe, jamaa zao, padri wao. Mtoto pia.

Jumatatu, 16 Septemba

Germaine amenieleza akiwa amenipa mgongo. Clément alirudi ndani, akaniombea msamaha, akasema Papa Kapya amechoka na jua. Wakamwomba yeye atamke jina, kwa kuwa ndiye mzee aliyekuwepo. Akakataa mara mbili. Akasema jina ni Kapya, mngojeeni. Ndipo Mapalo akasema hapana. Akasema mtoto atachukua jina la mtu aliyesimama juu ya kiti na kumbembeleza babu ashuke.

Mjukuu wangu anaitwa Clément. Nimeandika mara moja, siandiki tena.

Nimekaa asubuhi nzima mbele ya modemu. Nimefikiri bila hasira, kifundi. Kosa nimeliona. Mbele palikuwa na shaba, nyuma palikuwa na shaba, lakini juu palikuwa wazi! Nguvu yote ilitorokea juu, ikaruka manjanja, ikaenda kwa yule jirani.

Ubatizo ni tarehe sita Oktoba, na majina ya mtoto huandikwa siku hiyo. Bado kuna nafasi ya Kapya. Jeannot ana shemeji mwenye bamba la tatu. Analileta kesho.