Zamu Zilale, Moja Baada ya Nyingine

Jumatatu, 10 Novemba 2025

Mvua. Betri za kamera sita za depo letu la madini zinaishi kwa jua, na jua limetususa. Mama Mignonne, bosi wetu, kasema zikizimika kabla ya Jumamosi, mimi karani wake nitahamia Musumba kupima mahindi. Musumba! Barabara ile humeza malori. Sikula mchana.

Kisha nikaota macho wazi. Kamera mbili zinatazama rundo lilelile la mawe. Kwa nini zote ziwe macho? Moja ilale, jirani yake itazame, halafu zibadilishane zamu.

Jumanne, 11 Novemba

Nilisimama uani, nikatangaza kwa Kiswahili safi cha shule: kuanzia leo zamu zitalala usiku, moja baada ya nyingine, ili kutunza nguvu. Banza, mlinzi wetu wa usiku, alipiga makofi. Kabeya, mlinzi mwenzake, ambaye huniita mutoto wa makaratasi, alinishika mikono miwili, akaniita baba: Tata, Mungu akubariki, miaka yote hakuna aliyetufikiria! Sikujua kwamba anapenda teknolojia.

Alhamisi, 13 Novemba

Betri zimejaa kuliko juzi! Nimeota Manika nzima, mtaa wetu, inafumba macho taratibu: maduka, makanisa, pikipiki za taxi-moto, hata mashimo ya madini ya Kasulo yanapiga miayo. Kabeya amenawiri mashavu. Anasema mpango wangu ni mutamu. Nimemshukuru.

Ijumaa, 14 Novemba

Magunia ya madini hayapo!

Mama Mignonne alifungua picha. Kamera iliyopaswa kuwa macho ilikuwa macho. Picha safi kabisa: Kabeya ndani ya blanketi, Banza pembeni, mdomo wazi, na nyuma yao magunia yanaelekea getini juu ya mabega ya watu tusiowajua.

Kabeya hakuona aibu. Eti yeye ni zamu, Banza ni zamu, na karani alisema zamu zilale. Yeye alitangulia, Banza akafuata. Moja baada ya nyingine!

Nilisahau. Huku kwetu zamu ni mlinzi. Nilifafanua maana zote mbili, kwa mifano. Kisha nikataja hali ya betri. Mama Mignonne akauliza kama nina koti la mvua.

Jumatatu, 17 Novemba

Ndani ya lori, njia ya Musumba. Matope, ukungu, miti inayoelea.

Dereva wetu, tata Philippe, ana macho mekundu. Nimemweleza kwa heshima kwamba anapoteza nguvu: macho mawili, barabara moja. La kushoto lilale kwanza.

Amecheka sana. Lakini sasa naona la kushoto limefumba.

La kulia pia. Amewahi kidogo, ila ameelewa.